Kipindi cha Mwisho Alichotafsiri Mwalimu

Mama yangu akikataa kitu, amekataa. Unaweza kulia, unaweza kununa, unaweza kumletea pasta na wazee wa kanisa, yeye ataendelea na kazi yake kana kwamba anasikia mvua tu. Na Jumatano ile alikataa kwenda mazishini.

Mke wa Mwalimu alikuwa amefariki kule Chepsaita, tulikokuwa tunaishi zamani. Habari ilinifikia salun, hapa Langas mjini Eldoret, kupitia kwa mteja mwenye jamaa upande ule. Nilimwachia mwenzangu kile kichwa nusu kimesukwa, nikakimbia nyumbani. Nilimkuta Mama kwenye kigoda anachambua sukuma wiki. Nilimwambia nikiwa bado mlangoni. Akasimamisha mikono kidogo, halafu akaendelea kuchambua.

"Mungu amlaze pema," akasema. "Lakini mimi kwa Mwalimu siendi."

"Si kwa Mwalimu, Mama. Ni kwa mke wake. Rafiki yako."

"Boma ni la nani?"

Haki, nilifyonya mpaka mwenyewe nikashtuka, maana Mama hafyonyewi. Akaniangalia. Nikaomba msamaha huku bado nimekasirika.

Lazima mwelewe huyo mama aliyefariki alikuwa nani kwetu. Yeye ndiye alinipokea duniani kwa mikono yake, gari lilipokwama kwenye matope na mimi nikakataa kungoja. Mama alikuwa anamwita Mama, naye anamwita Mama vilevile, na wakawa wanaitana hivyo kutwa nzima kupitia ua wa michongoma mpaka watu wakawacheka. Tangu tulipotoroka Chepsaita hawakuonana tena. Kila mmoja alikuwa anauliza habari za mwenzake kwa wapita njia. "Yule mama wa duka bado yuko hai?" "Yule mke wa Mwalimu miguu yake imepona?" Miaka inaenda, mimi nabembeleza, Mama anakataa. Na sasa ilibaki Jumamosi peke yake, siku ya mazishi. Asipoenda Jumamosi, basi, mambo yamekwisha hivyo. Hakuna siku ambayo mtu huzikwa tena kwa ajili ya waliokosa.

Kesi ya Mama haikuwa na rafiki yake. Ilikuwa na Mwalimu. Aliiweka kwa maneno machache ambayo nimeyasikia tangu nikiwa mtoto hadi nikachoka nayo: "Alijua. Alijua watu wanakuja kutuchoma, akakaa hapo akatuwekea katuni."

Basi niseme kuhusu katuni.

Ilikuwa katuni ya kuchekesha, ya kizungu, iliyoanza kuonyeshwa kabla sijazaliwa na bado ilikuwa inaendelea nikiwa darasa la sita. Kila Jumapili alasiri, watu wakishatoka kanisani na kula. Ilikuwa ya familia ya wanyama fulani wanene wenye kituo cha mafuta kwenye njia panda. Wanyama gani, hatukujua. Baba yangu alisema ni panya buku. Mama alisema ni fuko. Mwalimu, ambaye hakuwahi kukosa jibu, alisema ni mnyama wa nchi za baridi, huku hayupo, kwa hivyo tusisumbuke. Kulikuwa na baba mtu aliyevaa tai hata akilala, mama mtu mwenye kofia pana, watoto watundu ambao hawakui hata miaka ipite vipi, na nyanya mkali ambaye hakutembea, alikuwa anasukumwa kwa wilbaro.

Stima haikuwa imefika senta yetu. Televisheni ilikuwa moja, ya Mwalimu, na ilitumia betri ya gari. Betri ilipelekwa mjini Turbo kuchajiwa, ikirudi inawekwa chini ya meza na kufunikwa kwa gunia, na ole wako uombe kutazama kitu kingine kabla ya Jumapili. Sisi tulikuwa wageni pale, kama mtu anaweza kuwa mgeni mahali alipozaliwa. Babu yangu alikuja kutoka upande wa Mlima Kenya kutafuta kazi kwa mashamba ya wazungu, baba akafungua duka, na wenyeji ndio waliokuwa wateja wetu, majirani wetu, na wakristo wenzetu. Jumapili chumba cha Mwalimu kilijaa wote. Watoto chini sakafuni, akina mama kwenye makochi, wanaume nyuma wakijifanya wamekuja kwa habari za michezo.

Sasa, Kiingereza cha wale wanyama kilikuwa cha puani na cha mbio. Sisi watoto wa shule tuliokota neno hapa neno pale. Wazazi wetu hawakuokota kitu. Kwa hivyo Mwalimu alikuwa anapunguza sauti mpaka ibaki kama mtu anayenong'ona chumba cha pili, anasimama kando ya televisheni na ile fimbo yake ya ubaoni, na anatutafsiria. Lakini ni tafsiri gani! Baba mtu alikuwa amepeleka mahindi bodi ya nafaka, akarudishwa eti yana unyevu. Nyanya alikuwa na kesi ya mpaka na shemeji yake. Watoto walikuwa wamefukuzwa shule ya pale juu, kwa sababu ya sare. Wale wanyama wa ng'ambo walikuwa na shida zote za Chepsaita, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu hatukuwa na nyingine ya kulinganisha.

Mama yangu peke yake ndiye aliyekuwa anambishia.

"Mwalimu, mbona mdomo wake umefunga na wewe bado unaongea?"

"Anafikiria, Mama. Nakutafsiria mawazo."

"Haya, na mbona anacheka na wewe unasema amefiwa?"

"Kwao wanacheka wakifiwa."

Chumba kizima kilikuwa kinaangua kicheko. Ule ubishi wao ulikuwa nusu ya kipindi. Mke wa Mwalimu alikuwa anatoka jikoni na birika, anafuta machozi ya kicheko kwa kona ya leso, na anasema, "Mama, mwache mume wangu, atatunyima mwisho." Halafu chai inamiminwa. Katika boma lile hakuna aliyewahi kutoka bila chai. Hata mtu mliyegombana asubuhi, alasiri anapewa chai kwanza, kisha mnaendelea kugombana.

Mwaka huo stesheni ikatangaza kwamba katuni inafika mwisho. Tulitangaziwa wiki baada ya wiki: kipindi cha mwisho, msikose. Watu walikuwa na wasiwasi kweli. Nyanya atakufa? Kituo cha mafuta kitauzwa? Mama aliwaambia wateja wa duka kwamba Jumapili ile atafunga mapema, na atakayetaka sukari ainunue Jumamosi. Kumbe hiyo ndiyo Jumapili ambayo nchi nzima ilikuwa inangoja matokeo ya kura.

Tulienda, mimi na Mama. Baba alibaki dukani na redio yake. Nakumbuka chumba kilikuwa na watu na hakikuwa na watu. Majirani wa kawaida hawakuwepo, isipokuwa wawili watatu. Badala yao kulikuwa na vijana ambao hatukuwajua, wakubwa, na makoti yao mazito, wamesimama ukutani na mlangoni ingawa viti vilikuwa wazi. Mwalimu alisema ni watoto wa ndugu zake wa mbali. Mke wake hakutoka jikoni kutusalimu. Mama akaita, "Mama! Tumefika!" Sauti ikajibu tu, "Eeh," na basi.

Katuni ikaanza. Mwalimu akapunguza sauti kama kawaida, akashika fimbo yake. Wale wanyama walikuwa wameketi mezani wanakula, na wao wakaendelea kula tu. Mwalimu akaanza.

"Baba mtu anasema, leo hatulali hapa. Tukimaliza kula tunaondoka."

"Aii," Mama akasema. "Waondoke waende wapi?"

"Waende mjini. Nyanya anauliza watapita wapi. Baba mtu anasema barabara kubwa si nzuri. Watapita juu, kwa shule. Gari litakuwa hapo shuleni, alfajiri."

"Mwalimu, wewe! Mtu anayehama anakula hivyo? Angalia, anaongeza supu!"

"Anakula ili apate nguvu. Anasema tena: wasibebe vitu. Wapite kwa shule."

"Hakuna anayehama hapo! Hata kofia mama mtu amevua! Unatuharibia mwisho, Mwalimu, na tumeungoja!"

Mmoja wa wale vijana alicheka. Mwalimu hakucheka. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na ilikuwa siku ya baridi. Akarudia mara nyingine tena, kwa sauti ya darasani, ile ya kumsomea imla mtoto mzito: barabara kubwa si nzuri, njia ni ya juu, ya shule. Mama akapiga ulimi akasema, "Haya, haya, wapite kwa shule, kwani mimi nitafanya nini?" Papo hapo picha ikakatika. Akatokea mtangazaji wa habari na uso mzito. Mwalimu akainama akachomoa waya wa betri.

"Imekwisha," akasema. "Nendeni nyumbani."

Hakuna chai. Hakuna hata kutusindikiza. Tulitoka kama watu waliofumaniwa wakiiba. Mama alienda mpaka dukani anawaka moto. "Ametufukuza! Mwalimu ametufukuza bila hata kikombe cha chai, na mwisho wa katuni hatujauona!" Baba akamwambia labda majani yamekwisha. Akarudi kwa redio yake.

Asubuhi yake, moshi. Haukuanzia kwetu, ulianzia upande wa mtoni, halafu ukawa karibu. Mfanyabiashara mwenzake Baba alikuwa na pikapu, akatupakia pamoja na watu wake, tukashika barabara kubwa kuelekea Eldoret. Mbele kidogo watu walikuwa wameweka magogo na mawe. Baba alishuka kuongea nao, kwa sababu baadhi yao walikuwa wateja wake. Sitaeleza yaliyofuata. Walioyaona wanayajua, na wasioyaona wamesikia ya kutosha. Tuliruhusiwa kupita tukiwa na Baba nyuma ya pikapu, na hospitalini hakumaliza wiki.

Kambini, pale uwanja wa maonyesho, ndipo tuliposikia kwamba waliopita njia ya juu, kwa shule, walifika salama. Familia ya fundi viatu ilifika. Mama mzee wa kuuza ugoro alifika, na magoti yake mabovu. Kule juu hapakuwa na kizuizi. Hapo ndipo Mama alipoanza wimbo wake. Alikuwa anakaa mlangoni pa hema, shuka begani, na anasema bila kumwambia mtu yeyote: "Hata wale wanyama wa katuni waliambiwa njia ya kupita. Sisi watu tukanyimwa."

Nilikua na sentensi hiyo. Tulitoka kambini tukaingia Langas kwa chumba kimoja, nikasoma, nikajifunza kusuka, nikafungua salun, Mama akawa na kibanda cha mboga, na sentensi hiyo ikawa inahama nasi. Wakati mwingine ilinikera kwa sababu ilikuwa kweli. Wakati mwingine ilinikera kwa sababu Mama aliisema hata wakati wa kula. Nilimwambia labda Mwalimu hakujua. Alinijibu, "Vijana walikuwa nyumbani kwake! Neno moja. Angesema neno moja tu, baba yako angekuwa hapa anakukemea kwa hiyo suruali."

Basi turudi kwa wiki ya mazishi. Alhamisi nilijaribu tena, nikaambiwa nisimchoshe. Ijumaa stima ikapotea hapa Langas, draya zikalala, wateja wakaenda zao, na mimi nikabaki na hasira zangu kwenye kiti cha salun. Nilikuwa nawaza huyu mama aliyenipokea duniani, ambaye kesho atazikwa bila mama yangu, kwa sababu ya kikombe cha chai na katuni isiyo na mwisho. Nikasema hata hiyo katuni yenyewe ni shenzi. Nikachukua simu, nikaweka bando, nikaitafuta. Kwa kweli nilitaka kuitukana nikiwa naiona.

Ilikuwepo. Kila kitu kiko kwa simu siku hizi, hata vitu vilivyokukosesha usingizi utotoni. Kipindi cha mwisho, kizima, na ile meza yao ya chakula juu ya picha. Wazo likanijia kwamba Mama nimuonyeshe. Sikuwa na mpango wowote wa maana. Nilifikiri akiuona ule mwisho alionyimwa, atacheka kidogo, na akicheka nitapata mwanya wa kumwambia tena habari ya Jumamosi. Nikafunga salun nikaenda kibandani.

"Unakumbuka hawa?" nikamwekea simu juu ya mafungu ya nyanya.

Akavaa miwani. "Ngai! Mafuko yangu!"

Tukaegemeza simu kwa kopo la kupimia njegere, nikakaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza maishani nikawa mimi ndiye mtafsiri. Kiingereza changu ni cha Form Four, lakini kwa katuni kinatosha. Nilitafsiri kama mtu mwaminifu, sentensi kwa sentensi.

"Anasema nini?"

"Baba mtu anasema supu haina chumvi."

"Na mwenye kofia?"

"Anasema kesho ajipikie."

"Anajibu vizuri. Na huyo nyanya?"

"Anasema tangu aingie nyumba hii hajawahi kula supu yenye chumvi, na bado yuko hai."

Mama alicheka, kile kicheko chake cha zamani cha tumboni, mpaka mwanamke wa kibanda cha pili akageuka. Nikajisemea, sasa inaenda vizuri.

"Ngoja," Mama akasema, akinyoosha kidole. "Sasa ndiyo anawaambia wahame."

Nikangoja. Baba mtu aliongeza supu. Akafunua mdomo.

"Anaomba mkate," nikasema.

"Na baada ya hapo?"

"Watoto wanagombania nani ataosha vyombo."

"Hiyo ya barabara kubwa iko wapi?"

"Bado."

Haikuja. Tulifika mahali ambapo zamani picha ilikatika, tukapita, tukaona tulichokosa. Wale wanyama waliosha vyombo. Wakamsukuma nyanya mpaka kitandani. Wakazima taa za kituo cha mafuta moja baada ya nyingine. Mtoto mmoja akauliza kesho wanafungua saa ngapi, baba mtu akamjibu kama kawaida. Mwisho. Majina ya watu yakaanza kupanda.

"Rudisha," Mama akasema.

Nikarudisha.

"Tafsiri vizuri sasa."

"Nimetafsiri vizuri, Mama."

"Mahali wanasema wasibebe vitu. Wapite juu, kwa shule. Gari liko shuleni alfajiri."

"Hakuna mahali kama hapo."

"Lazima iwepo! Nilisikia kwa haya masikio!"

"Ulimsikia Mwalimu," nikasema, na nilikuwa nimekasirika, nilikuwa namjibu tu mtu mbishi. Halafu nikasikia nilichosema.

Mama naye alisikia. Alivua miwani akaiweka juu ya njegere. Mteja alikuja akauliza vitunguu, hakujibiwa, akaenda. Nilitaka kumshika mkono na niliogopa kumshika. Kwa sababu mnaelewa, sivyo? Miaka yote hiyo alikuwa na mtu wa kumlaumu, na maumivu yake yalikuwa na mahali pa kukaa. Na mimi, na bando langu, nimekuja nikayarudisha kwake. Neno moja alilokuwa analililia, aliambiwa. Aliambiwa akabisha.

Aliporudiwa na sauti, alirudi na hasira. "Kwa nini hakusema kama mtu?" akafoka. "Mimi ni wa kuambiwa habari ya kufa kwa mdomo wa fuko? Kwa nini hakunivuta kando? Kwa nini hakunikanyaga mguu? Kwa nini?" Akakunja gunia la kufunikia mboga, akalikunjua, akalikunja tena. Na mimi pia nilikuwa nawaka. Nilimkasirikia Mwalimu na werevu wake. Nilimkasirikia Mama na ubishi wake. Nilimkasirikia Baba kwa kukaa na redio. Nilijikasirikia hata mimi wa darasa la sita, ambaye alikuwa na Kiingereza kidogo na masikio mazima, na alikuwa anatazama wilbaro.

"Kesho tunaenda," Mama akasema. "Naenda kumwuliza."

Tulifika Chepsaita asubuhi, hema zikiwa zimeshapigwa na viti vimepangwa. Hatukuwa tumekanyaga pale tangu siku ile. Mahali pa duka letu kuna duka la dawa za mifugo. Watu walituangalia, wengine wakatukumbuka, wakaja na mikono miwili. "Chamgei, Mama. Pole. Karibuni." Mama alikuwa anaitikia bila kuwaona. Alikuwa anamtafuta mmoja.

Tulimkuta kando ya nyumba, ameketi, ameshikilia mkongojo. Amekuwa mwembamba, shingo inacheza ndani ya kola. Alipomwona Mama akajaribu kusimama. Mama hakungoja asimame, wala hakutoa pole, ingawa mtu alikuwa na jeneza la mkewe hatua chache nyuma yake.

"Ulisema njia ya shule," Mama akasema.

Mzee akakaa tena, polepole. "Nilisema."

"Kwa nini hukusema kama mtu, Mwalimu?"

"Vijana walikaa kwangu tangu asubuhi. Hata chooni walinifuata. Waliniambia nikitoa neno kwa mtu wa Mlima, wataanza na nyumba yangu, na huyu ndani." Akaelekeza kidevu upande wa jeneza. "Katuni hawakuwahi kuitazama. Nikaona hapo ndipo naweza kupenya. Huyu alisema jikoni nisiwape chai, mtoke haraka mkafunge duka na kujiandaa."

"Na mimi nilibisha."

"Ulibisha sana."

"Mwalimu, nilikuwa nabisha kweli."

Aliinua macho. Nimeona watu wakipokea habari mbaya, lakini sijaona uso ukibadilika polepole namna ile.

"Kweli?" akauliza. "Mimi nilijua umenielewa. Nilijua unabisha ili wale vijana wasishuku. Nilimwambia mke wangu, yule mama ni mwerevu, ametuokoa sote." Akaugeuza mkongojo mikononi. "Alfajiri nilitoroka nikaenda shuleni. Lori la ndugu yangu lilikuwa hapo. Waliokimbilia huko wenyewe tuliwapakia, nikawaapisha wasinitaje. Nikamwambia dereva angoje, bado familia ya duka. Tukangoja mpaka jua likatoka na dereva akakataa kungoja zaidi. Halafu nikasikia mmepita barabara kubwa. Nikasema, basi. Walisikia, na hawakuniamini. Waliona ni mtego."

"Ndiyo maana hukuja hospitali," Mama akasema. "Hukuja kambini."

"Ningekuja na uso gani kwa watu waliodhani nawapeleka kuuawa?"

Nilitafuta mtu wa kumkasirikia, nikazunguka boma lote kwa macho, nikakosa. Vyombo vya muziki vikapasua masikio, emsii akaomba watu wakae. Mama akamshika Mwalimu kiwiko, akamsaidia kusimama, na tukamfuata mpaka kwenye hema. Aliwekwa mbele na jamaa zake. Sisi tukapata viti nyuma, kwa wageni.

Ibada ikaendelea kama zinavyoendelea. Jamaa za marehemu wakaitwa, wakasimama, wakatambulishwa. Wanafunzi wa zamani wa Mwalimu wakasimama. Wanakwaya wakasimama. Kisha emsii, kijana wa suti inayong'aa ambaye siku zile labda hata hakuwa amezaliwa, akasema, "Sasa naomba majirani wa marehemu wasimame, tuwaone."

Mstari mmoja wa mbele ulisimama. Na Mama yangu, huku nyuma, akasimama.

Watu wakageuka. Emsii akamwangalia, akaangalia wale wa mbele, akadhani amekosea kusikia. Akasogea na kipaza sauti, kwa adabu zote, akamwinamia.

"Mama, nimeita majirani. Wewe ni jirani wa wapi?"

"Wa hapa," Mama akasema. Hakukaa mpaka wale wa mbele walipokaa.